Tone la asidi linajua njia yake

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama mnaofua salopeti za waume zenu, leo tunawauliza swali dogo. Tone la maji likianguka juu ya kitu kilichoinama, linakwenda wapi? Kila mtoto wa shule atajibu: linashuka chini. Jibu hilo ni zuri, lakini halitoshi. Mtu anayefanya kazi karibu na asidi akiliamini jibu hilo peke yake, siku moja ataungua mahali ambapo hakufikiri.

Tuchukue mfano wa kijana mmoja wa posti ya usiku katika jumba la elektrolizi. Kazi yake ni kusaidia kutoa katodi katika matangi. Amevaa kila kitu alichopewa: bote za mpira, aproni ya mpira, ganti, miwani ya kazi. Posti inakaribia kuisha, naye anasikia moto kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Anasema moyoni: ni jasho tu, nitavua nyumbani. Nusu saa inapita. Anapovua bote, soksi imelowa, ngozi imekuwa nyekundu, na sehemu moja inaanza kuvimba. Wanamwosha kwa maji mengi, kisha wanampeleka kwa mganga. Kapita wake, mzee wa siku nyingi, anaichukua ile bote na kuijaza maji. Anaiinua juu, anaizungusha. Hakuna hata tone linalovuja.

Kesho yake kijana anarudi kumsalimia.

— Papa, bote ni nzima. Asidi ilipita wapi?

— Mwanangu, suruali yako ilikuwa wapi? Ndani ya bote ao inje?

— Ndani, papa.

— Na aproni? Uliiosha jana kabla ya kuanza?

— Hapana, papa. Niliifuta tu na kitambaa cha mafuta cha wale wa mekanika, ipate kung'aa.

Mzee anaileta aproni na kuitandika mezani. Inang'aa kweli, lakini si pote. Upande wa kushoto, toka tumboni mpaka kwenye pindo, kuna mstari wa rangi ya bluu, maji ya tangi ya siku nyingi yaliyokauka. Kitambaa cha mafuta hakikuuondoa.

— Unaiona hii? Hii ni barabara. Wewe mwenyewe uliitengenezea asidi barabara mpaka mlangoni, na suruali yako ikafungua mlango.

Maneno ya mzee huyu si mchezo. Ni maneno ya kweli, na wenye elimu wameyapima kwa vipimo vyao. Tuyaeleze polepole.

Maji hayapendi vitu vyote sawasawa. Mama anayelima magimbi anajua: mvua ikinyesha juu ya jani la gimbi, maji yanasimama kama shanga, yanatetemeka, kisha yanabingirika na kuacha jani likiwa kavu. Lakini mimina maji juu ya kioo kilichooshwa vizuri na sabuni na kusuuzwa, nayo yanajitandaza yawe kama ngozi nyembamba. Jani linakataa maji, kioo kinayapokea. Mwaka wa 1805 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Thomas Young, alieleza kwamba jambo hili linaonekana kwenye ukingo wa tone, pale ambapo maji, hewa na kitu chenyewe vinakutana. Tone likisimama wima ukingoni kama ushanga, kitu kinalikataa. Likilala chini kama chapati, kitu kinalipokea. Ukitazama ukingo wa tone tu, unaweza kujua tabia ya kitu kilicho chini yake.

Sasa fikiri tone limeanguka katikati, nusu yake juu ya mafuta, nusu nyingine juu ya mahali safi. Ni kama kamba inayovutwa na watu wawili. Upande wa mafuta mvutaji ni mtoto, upande ulio safi mvutaji ni mtu mzima. Ukingo mmoja unasonga mbele, ukingo mwingine unaachilia, na tone zima linahamia upande wa mwenye nguvu. Halikusukumwa na mtu wala na upepo. Tofauti ya mahali na mahali ndiyo iliyolivuta.

Mnaweza kujaribu nyumbani, jioni baada ya bukari, watoto wakiwapo. Chukueni kipande cha kioo ao sahani bapa, mkioshe sana kwa sabuni na kukisuuza mpaka maji yajitandaze juu yake. Kikikauka, chukueni mshumaa mkisugue nusu moja, kisha muipanguse nusu hiyo na kitambaa kikavu, ibaki nta nyembamba tu. Msiguse ile nusu nyingine kwa vidole, maana vidole vina mafuta. Wekeni tone la maji palepale mpakani. Mtaliona likikimbilia upande usio na nta. Halafu fanyeni jaribio la pili, ambalo ndilo la maana kwetu. Pakeni kioo chote nta, ila muache mstari mmoja mwembamba ulio safi, ukienda mshazari toka juu kushoto mpaka chini kulia. Inamisheni kioo, kisha wekeni tone juu ya nta. Tone litashuka, litagusa mstari, na badala ya kuendelea moja kwa moja litakata kona na kuufuata. Mara nyingine tone kubwa na zito litaushinda mstari na kuuvuka. Tone dogo litautii.

Tumesema maji, si asidi. Asidi isiguswe nyumbani hata kwa jaribio.

Kuna jambo la kushangaza zaidi. Mwaka wa 1992 wataalamu wawili wa Marekani, Manoj Chaudhury na George Whitesides, walionyesha tone la maji linalopanda mlima. Walichukua kibao laini cha silisiumu, wakakitia dawa kwa namna ya kwamba ncha moja ilikataa sana maji, na kidogo kidogo kuelekea ncha ya pili kukataa huko kukapungua. Wakakiinua kibao kwa digrii 15, ile ncha inayopokea maji ikiwa juu. Tone dogo waliloliweka chini likapanda lenyewe, kwa mwendo wa milimita moja ao mbili kwa kila sekunde. Ni mwendo wa konokono. Lakini lilipanda! Kwa hiyo mtu akikuambia, “Asidi imeanguka gotini, haiwezi kufika juu,” umkumbushe kibao hicho. Na katika nguo ya pamba jambo hili ni la kila siku: ncha ya mkono wa shati ikigusa maji, maji yanapanda ndani ya nyuzi kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi.

Wenzetu wa konsantrateri watacheka wakisoma haya, kwa kuwa wao wanalipwa kwa ajili ya tofauti hiyohiyo. Jiwe lililosagwa kuwa unga lina punje za shaba na punje za mchanga, zote zimelowa. Punje za shaba zinapakwa dawa ili zikatae maji. Kwa jiwe lenye salfa ni zantati, na kwa malakiti, lile jiwe la kijani, kule Kolwezi walitumia mafuta ya ngazi yaliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo. Ndiyo, mafuta ya jamii ya yale ya sombe. Punje iliyopakwa mafuta inakimbia maji na kushika povu, povu linaipandisha juu, na mchanga unaopenda maji unabaki chini. Kwa hiyo shaba nyingi ya Katanga imepita katika mlango huu wa kupenda na kukataa maji kabla ya kufika kwenye asidi.

Turudi kwenye asidi. Kule Likasi, kiwanda cha Shituru kilianza kutoa shaba kwa elektrolizi mwaka wa 1929, na kule Kolwezi kiwanda cha Luilu kilifuata mwaka wa 1960. Kazi ni ileile: jiwe linayeyushwa kwa asidi ya salfa, maji ya bluu yanaingia katika matangi, umeme unapita, na shaba inajishika kwenye katodi. Upande wa pili, kwenye anodi za risasi, vinatoka vipovu vya oksijeni. Kila kipovu kikipasuka juu ya maji kinarusha matone madogo sana hewani. Hayo ndiyo yanayokuwasha puani na kooni ukiingia bila kujikinga, ndiyo yanayokula meno ya mtu aliyefanya kazi humo miaka mingi kinywa wazi, na ndiyo yanayotua juu ya aproni yako hata kama hakuna aliyekumwagia kitu. Yanatua, yanakauka, yanaacha chumvi ya bluu. Mpira ulio safi unakataa maji. Chumvi ile inayapenda sana. Basi kila posti ambayo hukuosha aproni, unaongeza kipande cha barabara.

Na kitambaa cha mafuta hakisaidii. Watu wengi wanafikiri mafuta ni kinga kwa sababu yanakataa maji. Lakini mafuta yanapakwa vibaya: hapa mengi, pale kidogo, pale hakuna. Tone linafukuzwa mahali pengi na kukusanyika mahali pachache. Matone 10 madogo ambayo yangekaa kila moja peke yake yanaungana kuwa tone moja zito, nalo linapata nguvu ya kushuka. Mafuta mengi pia yanaharibu mpira, unalegea na kupasuka. Aproni inaoshwa kwa maji mengi, ndani na inje, kisha inaanikwa kivulini. Haihitaji kitu kingine.

Kuna udanganyifu mwingine wa tone, nao umewachoma watu wakiwa wamekwisha kutoka jumbani. Tazama dirisha baada ya mvua: matone yamebaki juu ya kioo kilichosimama wima, hayashuki. Sababu yake ni nini? Ukingo wa nyuma wa tone umeshikwa na uchafu, mikwaruzo na chembe ndogo za vumbi. Uzito wa tone hautoshi kuung'oa. Lakini gonga dirisha kwa ngumi, na matone yatashuka mbio. Mtikiso unamwachilia aliyekuwa ameshikwa. Sasa mfikirie mtu aliyesimama kimya mbele ya tangi. Aproni yake ina matone 20 yaliyolala. Anatembea, anapanda ngazi, anainama kufungua kamba, anaivuta aproni kupitia kichwani kwa nguvu. Ndipo matone yanaamka, na wakati huo amekwisha kutoa miwani! Osha aproni ukiwa bado umeivaa, ganti mikononi na miwani usoni. Miwani inatoka mwisho. Tunajua kwamba kwenye mlango wa dushi watu wanasukumana, kila mtu anakimbilia karamyo. Gari litangoja dakika mbili.

Sasa tupite kwenye mwili, mahali penye milango.

Suruali iwe inje ya bote, si ndani. Mpira wa bote unasukuma tone chini hadi sakafuni, lakini suruali iliyoingizwa ndani inalipokea, inalinywa, na kulipeleka kwenye soksi. Vijana wanapenda kuingiza suruali kwa sababu inaonekana kama askari. Shauri yao, lakini kule ndani hakuna anayewaona.

Kuhusu mikono, inategemea kazi. Ukifanya kazi mikono ikiwa chini, mkono wa salopeti ufunike ganti, ili tone likitoka begani lipite juu ya ganti na kuanguka. Ukifanya kazi mikono ikiwa juu ya kichwa, kama kwenye bomba ao robine ya juu, geuza: ganti ifunike mkono wa salopeti, na ncha ya ganti ikunjwe kwa inje kama mfereji mdogo wa kudaka tone linaloteremka kuelekea kwapani. Ukibadilisha kazi, badilisha na ganti. Na shati la ndani la pamba lisichungulie nje ya mkono wa salopeti hata kwa sentimita moja, maana ndilo utambi.

Macho ndiyo yanayotutia hofu kuliko vyote. Kwa nini watu wanainua miwani na kuiweka kwenye paji la uso? Si ukaidi kila mara. Ni kwa sababu hawaoni. Jumba ni la joto, pumzi ina maji, na miwani inafunikwa na ukungu. Ukungu huo ni nini? Ni matone madogo maelfu, yamesimama kama shanga kwa sababu kioo kina mafuta ya vidole ao ya ganti. Kila ushanga unapotosha mwanga. Ukiyapangusa kwa ganti chafu unaongeza mafuta, na dakika mbili baadaye ukungu umerudi mnene zaidi. Lakini kioo kikiwa safi kabisa, maji yaleyale yanajitandaza kama ngozi moja nyembamba, nawe unaona. Kabla ya posti, osha miwani kwa maji na sabuni, isuuze kidogo, itikise, iache ikauke bila kuipangusa. Utando mdogo wa sabuni unaobaki utasaidia. Ikishindikana, omba miwani mingine yenye tundu za hewa zilizofunikwa. Kapita anayemwona mtu wake akiinua miwani asianze na kelele. Kwanza aichukue miwani ile, aiweke machoni pake mwenyewe, aone kama yeye angeweza kufanya nayo kazi.

Mkipatwa, maji, na upesi. Ngozi: maji yanayotiririka, mengi, dakika 15 ao zaidi, nguo na bote zikivuliwa maji yakiwa yanapita. Jicho: kope zifunguliwe kwa vidole, maji ya upole yapite muda huohuo, kisha hospitali, hata kama maumivu yamepungua. Msitie soda wala dawa nyingine juu ya ngozi kwanza, mnapoteza dakika. Na msingoje mwisho wa posti kama yule kijana. Asidi ya matangi haiumi sana mara ya kwanza. Inangoja.

Kwa nini inangoja? Hapa akina mama mtusikilize vizuri, maana jambo hili liko katika beseni zenu. Asidi ya matangi ni asidi iliyochanganywa na maji. Katika viwanda vingi vya leo inaweza kupita gramu 150 kwa kila lita. Likianguka tone juu ya salopeti, maji yanakauka na kwenda hewani, lakini asidi ya salfa haiendi. Inabaki katika nyuzi. Kadiri maji yanavyopungua, asidi inazidi kuwa kali. Tone lililoanguka saa nne asubuhi likiwa jepesi, saa kumi jioni linaweza kuwa na ukali wa kula pamba. Ndiyo maana salopeti inatoka kazini nzima, mama anaianika ao kuipiga pasi, na kesho ina tundu ndogondogo kama imeliwa na mende. Mume anauliza kwa hasira nani ameharibu nguo yake, mke anasema sabuni siku hizi ni mbaya. Bure! Si mama, si sabuni.

Salopeti ya elektrolizi isuuzwe kazini kwanza, kabla haijakauka. Ikifika nyumbani, isiingizwe katika beseni moja na nguo za watoto, wala nepi za mtoto mchanga. Itumbukizeni katika maji matupu mengi, myamwage, mrudie mara mbili ao tatu, ndipo mtie sabuni. Sabuni ya kipande ikikataa kutoa povu na maji yakifanya vipande vyeupe kama maziwa yaliyoganda, huenda asidi ingali ndani: mwageni, suuzeni tena. Mwenye kidonda ao ufa mikononi avae ganti. Na ile suruali ya ndani ya kijana wetu, iliyokaa katika bote usiku kucha, mama yake aliizamisha katika ndoo ya maji ya mvua, akayabadilisha mara tatu. Ilipokauka bado ilitoboka kifundoni, tundu tano, zote upande wa kushoto, zikifuatana kwa mstari.